Barua Iliyotaka Kukaa Barazani

Tegeni sikio, wanangu, niwasimulie habari za watu wa barua na watu wa baraza, ambao kwa miaka mingi hawakupikika chungu kimoja, na jinsi mafundi wa kompyuta walivyohangaika kuwakalisha pamoja.

Tuanze na mbayuwayu. Mnamjua, yule ndege mdogo mwenye mkia wa panda anayeikimbia baridi ya Ulaya na kuja kwetu kila mwaka. Tuseme lipo kundi la vijana wanaofuatilia safari zake, na kila mmoja anawaarifu wenzake siku anapomwona wa kwanza. Binti mmoja wa kundi hilo yuko kijijini, mkoa wa Lindi. Mtandao wa kwao ni wa kubahatisha: asubuhi upo, mchana umekata, jioni unarudi kwa robo saa. Kijana mwingine yuko Kisumu, na shuleni kwao kuna kompyuta na intaneti ya kutosha.

Binti wa Lindi anapenda barua pepe. Mtandao ukirudi, simu yake inazipakua zote kwa mkupuo. Ukikata, yeye anasoma taratibu, anaandika majibu yake, na majibu hayo yanasubiri ndani ya simu mpaka mtandao utakaporejea. Hahitaji kukimbizana na mtu. Anwani yake imo katika orodha ya kundi, kwa hiyo mtu yeyote akiandika kwa anwani moja ya kundi, nakala inamfikia kila aliyemo, naye akiwemo.

Kijana wa Kisumu hataki kusikia habari ya barua. Kikasha chake, anasema, kinafurika. Yeye anapenda jukwaa la tovutini, ambalo ni kama baraza la nyumba za pwani: mazungumzo yanakaa pale pale mlangoni, anayepita anasikia, mgeni anakaribishwa na kusimuliwa yaliyotangulia. Anafungua kivinjari, anaona nyuzi zote, yaani kila mada na majibu yake, zimepangwa, anachagua uzi anaoutaka na mwingine anaupita. Hata aliyejiunga leo anaweza kusoma yaliyosemwa mwaka juzi.

Nani kati yao ana haki? Wote wawili. Ndiyo maana kisa hiki ni kizito. Ukiwalazimisha wote waende barazani, binti wa Lindi atanyamaza, na habari za mbayuwayu wa kusini hamtazipata. Ukiwalazimisha wote watumie barua, kijana wa Kisumu atajitoa ndani ya mwezi, na wageni hawatajua kamwe kwamba kundi hilo lipo.

Barua ndiyo kongwe. Mwaka 1971 mhandisi wa Kimarekani, Ray Tomlinson, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya BBN huko Cambridge, Massachusetts, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine iliyokuwa karibu nayo, na akachagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mwaka 1975 watafiti wa mtandao wa ARPANET wakaanzisha kundi lililoitwa MsgGroup, wajadiliane barua pepe yenyewe iwe ya namna gani. Orodha yao ilitunzwa na Einar Stefferud, na mwanzoni kazi ilikuwa ya mkono: barua inamfikia yeye, naye anaituma kwa wengine. Fikirieni adha yake! Mwaka 1986 mwanafunzi wa uhandisi jijini Paris, Eric Thomas, akaandika programu aliyoiita LISTSERV, ikaifanya kazi hiyo yenyewe. Ukitaka kujiunga, unaiandikia programu. Ukitaka kutoka, unaiandikia programu. Haichoki wala hailali.

Huku kwetu nako barua ilifika kabla ya tovuti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilikuwa na mtandao wa HealthNet kwa ajili ya madaktari wa nchi zisizo na simu za kutegemewa, zikiwemo nchi za Afrika Mashariki. Setilaiti ndogo ilipita angani mara chache kwa siku. Ikipita, kituo cha chini kinaipa barua zilizoandikwa na kupokea zile ilizozibeba. Daktari hakuhitaji kuwa hewani saa ile ile na mwenzake aliye bara jingine. Barua ilisubiri. Mimi huwa nasema huo ndio utu wa barua pepe: inamvumilia mtu ambaye mtandao wake ni dhaifu.

Kisha tovuti ikaingia, na mabaraza yakachipuka. Tanzania, mwaka 2006, Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha jukwaa lililoitwa Jambo Forums, ambalo leo tunalijua kwa jina la JamiiForums. Huko watu wanaanzisha nyuzi, wanaitana “mkuu”, wanabishana siasa hadi usiku wa manane. Nchini Kenya, wapenzi wa mambo ya teknolojia na sera zake waliokusanyika katika KICTANet walizoea orodha ya barua pepe: muswada ukitoka, mjadala unapita kwenye vikasha vyao, barua kwa barua. Nchi mbili jirani, lugha moja, desturi mbili.

Mafundi hawakuanza na daraja kamili kati ya barua na baraza. Katika miaka ya 1990 zilikuja programu kama Hypermail, ambayo iliziweka barua za orodha kwenye kurasa za tovuti ili yeyote azisome. Kusoma tu, kujibu huwezi. Upande wa pili, kituo cha fizikia cha ICTP kilichoko Trieste, Italia, kilitengeneza www4mail kwa ajili ya watu wenye barua pepe pekee: unaandika barua yenye anwani ya ukurasa, na ukurasa wenyewe unaletwa kikashani kwako. Kazi njema zote mbili, lakini kila moja ilikuwa ya njia moja. Sisi tunataka binti aandike barua, kijana ajibu barazani, na jibu limrudie binti likiwa barua.

Haya, tuifuate barua yenyewe.

Binti wa Lindi ameandika: “Leo nimeona mbayuwayu wanne kwenye waya wa umeme. Kwenu wameshafika?” Amebofya kutuma. Mtandao umerudi saa kumi na moja jioni, barua imeondoka. Inafika kwenye seva ya kundi, na hapo programu inaifungua na kutazama kwanza ile sehemu ya juu ambayo nyinyi hamuioni mnaposoma barua zenu. Kila barua pepe inayo sehemu hiyo. Mle ndani kuna mstari kama huu:

Message-ID: <0417.mbayuwayu@barua.example>

Hilo ndilo jina la barua, na barua mbili hazitakiwi kuwa na jina moja. Utaratibu wa kuandika jina hilo uliwekwa wazi tangu mwaka 1982, katika kanuni za barua pepe zilizohaririwa na David Crocker. Mtu anapojibu, barua yake inapata jina lake, kisha inamtaja mzazi wake:

In-Reply-To: <0417.mbayuwayu@barua.example>

Na upo mstari mwingine, References, unaowataja mzazi, babu na mababu waliotangulia, kwa mpangilio. Yaani kila barua inatembea na ukoo wake. Programu haina haja ya kukisia kwamba jibu hili ni la swali lile. Inasoma majina tu, inaunga uzi.

Hapa ndipo siri ya daraja lote ilipo. Kijana wa Kisumu anapobofya kitufe cha kujibu kwenye tovuti, yeye haoni jina la barua wala mzazi. Programu ya jukwaa ndiyo inayoandika barua kwa ajili yake: inaipa jina jipya, inaweka In-Reply-To ya swali la Lindi, kisha inaituma kwa wote walioomba kupata barua. Ikisahau mstari huo mmoja, simu ya binti italiona jibu kama jambo jipya lisilo na kichwa wala miguu. Nimeona majukwaa mengi mazuri kwa sura yakikosea hapo, na watu wa barua wakajitoa mmoja mmoja bila kusema kwa nini.

Sasa ulizeni: je, mtoto akifika kabla ya mzazi? Hutokea. Barua mbili zinapita njia tofauti, seva moja inachelewa, jibu linatangulia swali. Jamie Zawinski, aliyeandika sehemu ya barua ya kivinjari cha Netscape, alieleza mwaka 1997 njia yake ya kupanga nyuzi, na ndani yake mna jambo ninalolipenda sana. Programu ikikuta jibu linalomtaja mzazi asiyekuwepo, haimtupi mtoto, wala haimbandiki kwa mzazi mwingine. Inaweka nafasi tupu yenye jina la yule mzazi, na mtoto anakaa chini yake. Mzazi akifika, hata kesho, nafasi yake anaikuta. Asipofika kabisa, ndugu wawili waliomjibu bado watajulikana kuwa ni ndugu.

Kuna kazi nyingine ambayo haina utukufu lakini haikwepeki: kusafisha mikia. Mtu wa barua anapojibu, simu yake hubeba barua yote ya zamani chini ya jibu, kila mstari ukitanguliwa na alama ya >. Kwa barua haina shida. Barazani, ambako swali tayari limeandikwa juu, mtu akisema “Asante” na chini yake zikafuata sentensi arobaini za watu wengine, uzi hausomeki. Kwa hiyo daraja linakata mkia. Lakini mtu akijibu kifungu kwa kifungu, akiweka neno lake katikati ya maneno ya mwenzake, ukikata hovyo unaondoa na hoja. Programu nzuri hukata mkia ulio mwisho tu, na ukiwa na shaka nao, huuficha nyuma ya kitufe.

Na saini je? Watu wengi huweka mwisho wa barua zao jina kamili, namba ya simu, mahali wanapofanya kazi. Waliandika hivyo wakidhani wanaowasoma ni wenzao wa kundi. Daraja likiwekwa, barua ile ile inaonekana kwa dunia nzima. Hili silisemi kwa kupita. Anayejenga daraja lazima awaambie wanakundi mapema, tena kwa maneno mepesi, kwamba mnachoandika sasa kitasomwa na wapita njia. Na barazani aoneshe jina la mtu, anwani yake aifiche. Nanyi, wanangu, msiweke namba ya simu chini ya barua inayokwenda kwa kundi msilolijua.

Tofauti kubwa zaidi kati ya pande hizi mbili ni toba. Barazani mtu akiandika kwa hasira, anaweza kurudi akafuta. Akikosea tarehe, anasahihisha. Barua ikishatoka imetoka. Imo katika vikasha vya watu mia, na hakuna wa kuwazungukia azikusanye. Kijana wa Kisumu akiandika “mbayuwayu wamefika Machi” akimaanisha Oktoba, yeye anasahihisha mara moja, lakini binti wa Lindi anabaki na Machi yake. Jukwaa la Discourse, lililobuniwa na Jeff Atwood, Robin Ward na Sam Saffron na kutangazwa mwaka 2013, lilitafuta njia ya kati: baada ya mtu kuandika, kwa kawaida linangoja dakika 10 kabla ya kutuma barua, ili kama kuna la kusahihisha lisahihishwe. Dakika hizo zimeokoa urafiki wa watu wengi, naamini.

Sasa nifike kwenye zimwi la kisa hiki, maana hadithi bila zimwi haijakamilika. Zimwi hili linaitwa mzunguko.

Mwanakundi mmoja amekwenda likizo. Kabla ya kuondoka ameiagiza barua pepe yake ijibu yenyewe: “Niko likizo, nitarudi Jumatatu.” Barua ya mbayuwayu inamfikia. Kikasha chake kinajibu kundi: niko likizo. Seva ya kundi inapokea jibu hilo kama barua nyingine yoyote, inaiweka barazani, na inatuma nakala kwa wote, pamoja na yeye mwenyewe. Kikasha chake kinaona barua mpya, kinajibu: niko likizo. Na hiyo nayo inarudi. Kufikia alfajiri, kundi lina maelfu ya barua za likizo, na mbayuwayu wamezikwa chini yake.

Daraja lenyewe nalo linaweza kuwa zimwi. Barua inatoka kwenye orodha inaingia jukwaani. Jukwaa linadhani ni andiko jipya, linalituma kwenye orodha. Orodha inadhani ni barua mpya, inaileta jukwaani. Hakuna mtu aliyekosea hata mmoja. Ni mashine mbili tiifu, kila moja ikifanya ilichoagizwa.

Dawa yake ni alama. Programu ya Mailman, ambayo John Viega aliianzisha katika miaka ya 1990 kwa ajili ya orodha ya mashabiki wa bendi moja ya Marekani, inaigonga kila barua inayopita muhuri unaosomeka X-BeenThere pamoja na anwani ya orodha. Barua ikirudi na muhuri huo, Mailman inajua: wewe ulishapita hapa. Inaizuia. Na tangu 2004 kuna kanuni kwamba barua iliyoandikwa na mashine ijitambulishe kwa mstari wa Auto-Submitted, ili mashine nyingine isiijibu. Zaidi ya hayo, daraja linaweka kumbukumbu ya majina ya barua zote lilizokwisha kuziona. Jina likijirudia, barua haipiti. Mnaona jinsi ile Message-ID inavyotuokoa tena?

Mwaka 2014 yalitokea mengine, na safari hii mambo yalienda mrama dunia nzima. Matapeli walikuwa wakituma barua za uongo kwa majina ya watu wenye anwani za Yahoo. Mwezi wa Aprili kampuni hiyo ikaziambia seva zote, kwa utaratibu uitwao DMARC: barua yoyote inayodai kutoka kwangu, na ukaguzi ukaonesha haikutoka kwangu, ikataeni. AOL ikafuata mwezi huo huo. Kwa tapeli, ni adhabu ya haki. Lakini orodha ya barua hufanya nini? Inapokea barua ya mwanakundi, inaongeza jina la kundi kwenye kichwa na maelezo mafupi mwishoni, kisha inaituma tena kutoka seva yake yenyewe. Kwa mkaguzi, hiyo ni barua iliyoguswa, tena iliyotoka mahali pasipo pake. Ikakataliwa.

Na angalieni dhuluma iliyofuata. Barua zilipokataliwa, programu za orodha zilihesabu kosa kwa wapokeaji, zikidhani anwani zao zimekufa, zikaanza kuwasimamisha. Mtu wa Yahoo anauliza swali, na wenzake ambao seva zao zinatii DMARC ndio wanaondolewa kwenye kundi! Ilibidi orodha zibadili desturi: barua sasa inatoka kwa anwani ya kundi, na jina la mwandishi linaandikwa pembeni, kwamba ni fulani kupitia kundi fulani. Majukwaa nayo yanafanya vivyo hivyo. Jukwaa linapompelekea binti wa Lindi jibu la kijana wa Kisumu, halijifanyi kuwa ni yule kijana. Linatumia anwani yake lenyewe, na katika anwani ya kujibia linaweka ufunguo wa herufi na tarakimu alioandaliwa huyo binti kwa uzi huo. Akijibu, ufunguo unasema ni nani na anajibu nini. Ndiyo sababu barua ya namna hiyo usimfowadie mtu ovyo: katika baadhi ya majukwaa, atakayeijibu anaweza kuingia barazani kwa jina lako.

Siku hizi zana zipo. Mailman 3 ilitoka mwaka 2015 ikiwa na HyperKitty, ambayo inaonesha barua za orodha barazani na kuruhusu kujibu papo hapo. Discourse inapokea majibu kwa barua na ina hali maalumu ya kumtumia mtu kila andiko, kama orodha za zamani. Waliotengeneza lugha ya Python walizungumza kwa orodha yao ya python-dev kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwaka 2022 wakahamia jukwaani. Mkiniuliza mimi, kundi la mbayuwayu lianze na barua, kisha baraza lijengwe juu yake. Barua ikiwa msingi, aliye na mtandao mbovu hahesabiwi kuwa mgeni.

Nina sababu ya kusema hivyo. Mwaka 2002, huko Norway, Lars Magne Ingebrigtsen alianzisha Gmane, mahali palipokusanya maelfu ya orodha za barua, mtu akaweza kuzisoma na kuzijibu bila kujiunga na kila moja. Mwaka 2016 akachoka, akaifunga tovuti yake. Kurasa zikatoweka, na viungo vilivyokuwa vikielekea huko vikawa havifiki popote. Lakini barua zenyewe hazikupotea. Zilikuwa zimehifadhiwa moja moja, kila moja na jina lake na ukoo wake, zikaendelea kusomeka bila tovuti, kwa njia ya seva ya habari, ambayo mwaka 2020 aliihamishia kwenye anwani mpya.

Wanaotengeneza kiini cha Linux, programu inayoendesha simu nyingi mnazozishika, mpaka leo wanatumiana mabadiliko kwa barua pepe. Tangu 2018 barua hizo zinasomeka pia kwenye tovuti ya lore.kernel.org, zikiwa zimepangwa kwa nyuzi. Fungueni barua yoyote pale, msome hadi chini. Mtakuta maelekezo ya kumjibu mwandishi kwa barua, na jina la barua yake limeshawekwa tayari kwenye nafasi ya In-Reply-To.